Transfoma ya Feraiti, Maji ya Bomba na Pesa za Mjomba

Jumapili moja mjomba wa mwenzangu wa chumba alitutembelea hosteli. Hakuja na zawadi ya nyumbani kama kawaida yake. Alikuja na karatasi mbili zilizokunjwa mfukoni. Moja ilikuwa mchoro wa saketi wa kufotokopi, umefifia. Ya pili ilikuwa risiti ya mkono ya shilingi 300,000, advansi ya kifaa cha kuendeshea bajaji kwa maji.

Mjomba ana bajaji tatu. Bei ya mafuta inamtesa, na aliyemuuzia kifaa alimwambia akimalizia milioni moja na laki tano zilizobaki, bajaji zote tatu zitafungwa mtambo ndani ya wiki moja. Hiyo milioni na nusu angeikopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa.

"Nyie ndio wasomi," akasema. "Mwenzako hapa ni injinia. Niambieni tu: inawezekana, haiwezekani?"

Sasa hapo nikabanwa. Niko mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme, na ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Tena niseme ukweli wote: nilitamani jibu liwe ndiyo. Nilikuwa nimeshaona video kadhaa za gari la maji na kuna pembe ya kichwa changu iliyokuwa inaamini. Nikamwambia, "Mjomba, tupe wiki nne usilipe kitu. Tutaitengeneza wenyewe tuone."

Makala hii ni ya zile wiki nne. Ukiisoma utajua jinsi ya kusuka transfoma ya feraiti, jambo ambalo darasani tulilipita haraka sana, na utajua nilimjibu nini mjomba.

Mchoro ulitoka wapi

Mchoro ule, ukiondoa maandishi ya muuzaji, ni wa Mmarekani mmoja aitwaye Stanley Meyer, wa Grove City, jimbo la Ohio. Kuanzia miaka ya 1980 Meyer alidai ametengeneza alichokiita seli ya fueli ya maji. Alikuwa na gari dogo la mchangani, na alisema lingeweza kutoka Los Angeles hadi New York kwa galoni 22 za maji, yaani kama lita 83. Mwaka 1990 alipewa hataza ya Marekani namba 4,936,961.

Jina lenyewe linachanganya. Seli ya fueli ya kweli hufanya kinyume: inachukua haidrojeni na oksijeni, inatoa umeme na maji. William Grove alionyesha kanuni yake mwaka 1839, na vyombo vya anga vya Gemini na Apollo vilipata umeme wake humo. Kifaa cha Meyer kinachukua umeme na maji, kinatoa gesi. Hiyo ni elektrolisisi, ile ya kidato cha tatu.

Meyer alisema yake si elektrolisisi ya kawaida. Alisema mabomba yake mawili ya chuma kisichoshika kutu, moja ndani ya lingine na maji katikati, ni kapasita. Ukiipiga kwa mapigo ya volti kubwa sana na mkondo mdogo sana, kwa frikwensi inayolingana na koili zake, eti maji yanapasuka yenyewe kwa nguvu ndogo kuliko ile inayotoka gesi ikiungua. Ndiyo maana mchoro wote unazunguka kitu kimoja: transfoma yenye kiini cha feraiti ya kupandisha volti. Ukitaka kumpima Meyer, anza na transfoma.

Kwa nini feraiti

Transfoma ya nguzo ya umeme ina kiini cha mabati membamba ya chuma yaliyopangwa kama kurasa za kitabu. Mabati hayo yanafaa kwa hezi 50. Ukiyapeleka hezi 20,000, sumaku inayogeuka haraka hivyo inazalisha mikondo ya umeme ndani ya chuma chenyewe, na kiini kinageuka jiko.

Feraiti ni aina ya kauri. Ni oksidi ya chuma iliyochanganywa na manganizi na zinki, ikasagwa, ikagandamizwa, ikachomwa kwenye tanuri. Ni nyeusi, ngumu, na ukiiangusha inavunjika kama kikombe. Inapitisha sumaku vizuri lakini umeme inaupitisha kwa shida sana, kwa hiyo ile mikondo ya ndani haipati njia. Ukifungua chaja ya simu au pawasaplai ya kompyuta utaikuta humo, na ndiyo sababu chaja yako inaingia mfukoni.

Ina udhaifu mmoja, na ndio uliotugharimu. Inashiba mapema. Chuma cha transfoma hushiba kwenye tesla 1.5 na zaidi, lakini feraiti hii hushiba karibu tesla 0.4, na ikipata moto inashuka chini ya hapo. Ikishashiba, transfoma inaacha kuwa transfoma. Koili ya kwanza inabaki waya mfupi wa shaba uliounganishwa moja kwa moja kwenye betri.

Hesabu ya mizunguko

Kanuni ni hii, kwa mapigo ya mraba yanayokwenda pande zote mbili:

N = V ÷ (4 × f × B × A)

N ni idadi ya mizunguko ya koili ya kwanza, V ni volti, f ni frikwensi kwa hezi, B ni sumaku unayoiruhusu kwa tesla, na A ni eneo la mguu wa kati wa kiini kwa mita za mraba.

Kiini chetu tulikitoa kwenye mtambo mbovu tulionunua kwa fundi wa elektroniki Kariakoo. Mguu wa kati ni wa duara, kipenyo milimita 12.6, kwa hiyo eneo ni kama milimita za mraba 125. Tulichagua kilohezi 20 na tesla 0.15, mbali kabisa na kushiba. Betri ni volti 12.

12 ÷ (4 × 20,000 × 0.15 × 0.000125) = mizunguko 8.

Ni hayo tu. Mizunguko 8 upande mmoja na 8 upande wa pili, kwa kuwa tulitumia mosfeti mbili zinazopokezana, zikiendeshwa na chipu ya SG3525 ambayo kila aliyewahi kutengeneza inveta anaijua. Tulitaka volti 600 upande wa pili, sawa na kuzidisha 12 mara 50. Kwa hiyo 8 mara 50: mizunguko 400.

Angalia pale chini kwenye kanuni. Ukipunguza f, lazima uongeze N. Kumbuka hilo, tutarudi.

Kusuka

Koili yangu ya kwanza niliisuka kitandani nikisikiliza mpira. Ilikuwa kama kiota cha ndege. Tukaona aibu tukaipeleka kwa fundi anayesuka mota, mzee mmoja mwenye kibanda karibu na Gerezani.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Hii nani kasuka?"

"Mimi, fundi."

"Ulikuwa unafunga mzigo?"

Baada ya kucheka alituweka chini, akatufundisha kwa saa tatu bila kutudai hata mia. Niliyoyapata kwake, pamoja na niliyoyakuta vitabuni, ni haya.

Kwanza, waya wa koili ya kwanza usiwe mmoja mnene. Kwa kilohezi 20 umeme hautembei katikati ya waya. Unakimbilia kwenye ngozi yake, kina cha kama nusu milimita tu. Chukua nyaya nne za milimita 0.5, zisokote pamoja kama kamba, ndipo usuke.

Pili, nyaya za pande mbili za koili ya kwanza suka kwa pamoja, bega kwa bega, ili nusu zote mbili zilingane. Zisipolingana, kiini kinasukumwa upande mmoja zaidi na kitashiba.

Tatu, koili ya pili suka kwa tabaka, kila mzunguko ukigusa mwenzake, na kila tabaka lifunikwe na tepu ya manjano ya transfoma. Sisi tulipata tabaka sita. Volti 600 kwa tabaka sita ni volti 100 kwa tabaka, lakini pale unapogeuza waya kuanza tabaka jipya, ncha za matabaka mawili jirani zinaweza kupishana kwa volti 200. Vanishi ya waya pekee usiiamini. Acha pia milimita mbili tatu tupu kila pembeni, waya usije ukateleza kwenda tabaka la chini.

Nne, kati ya koili ya kwanza na ya pili weka tepu mara tatu. Upande mmoja una volti 12 unazoweza kuzishika, upande wa pili una volti za kukuua.

Tano, nyuso za feraiti zinapokutana ziwe safi. Punje moja ya vumbi ni pengo, na pengo linadhoofisha sumaku.

Kabla hatujaondoka fundi akatuuliza, "Mtaijaribu na nini?" Tukasema betri ya gari. Akasema, "Wekeni taa ya breki kwenye njia ya betri." Sisi hatukuelewa, tukaitikia tu "sawa fundi", tukaondoka.

Tulivyounguza

Siku ya kwanza maabara, bila taa, tukafuata mchoro wa mjomba. Mchoro ulisema kilohezi 5. Tukabadilisha kapasita ya chipu, frikwensi ikashuka kutoka 20 hadi 5. Mizunguko tukaiacha 8.

Rudi kwenye kanuni. Kwa kilohezi 5 na mizunguko 8, B inakuwa 12 ÷ (4 × 5,000 × 8 × 0.000125), ambayo ni tesla 0.6. Feraiti inashiba kwenye 0.4. Tuliiomba kitu isichonacho.

Kulikuwa na mlio mfupi, kisha harufu. Mosfeti zote mbili chali, moja ilipasuka hadi ikaruka kipande. Hiyo ilikuwa buku nane, na bumu lilikuwa halijaingia. Mwenzangu hakusema kitu, alifungua dirisha tu.

Ndipo nikaelewa taa ya breki. Taa ya wati 21 ukiiweka mfululizo na betri, mkondo hauwezi kuzidi karibu ampia 1.75 hata ukiunganisha nyaya kwa nyaya. Mambo yakiwa sawa, taa inafifia. Kukiwa na shoti, taa inawaka na hakuna kinachoungua. Ni fyuzi inayoongea. Kama utachukua kitu kimoja tu kwenye makala hii, chukua hicho.

Tukanunua mosfeti nyingine, tukarudi kilohezi 20, tukaweka taa. Safari hii ilikubali. Taa haikuonyesha hata uzi mwekundu. Upande wa pili, baada ya dayodi nne za kasi, osiloskopu yenye proubu ya mia kwa moja ilisoma volti zinazokaribia 600. Nitasema bila aibu: nilipiga kelele. Mkono mmoja ulibaki mfukoni kama sheria ya maabara inavyotaka, lakini kelele nilipiga.

Maji yanaingia

Seli yetu ilikuwa mabomba mawili ya urefu wa sentimita 10. La ndani lina nusu kipenyo cha milimita 9, na pengo kati yake na la nje ni milimita 1.5. Tukajaza maji ya bomba, tukaunganisha volti 600.

Taa ya breki ikawaka. Iliwaka kama dereva aliyekanyaga breki, mwanga kamili. Volti kwenye seli zikaporomoka kutoka 600 hadi mbili na kidogo. Vipovu vilikuwepo, vichache, kama vya soda iliyochacha.

Tukajua tumeharibu. Tukakagua kila kiungio. Tukachomoa seli: volti 600 zikarudi, taa ikazima. Tukachomeka: taa, volti mbili. Tukabadilisha frikwensi juu chini kutafuta ile rezonansi ya Meyer, usiku mzima wa Alhamisi. Taa ilikuwa inatutazama tu.

Asubuhi nikakaa na karatasi nikafanya hesabu ambayo ningeifanya siku ya kwanza.

Je, yale mabomba ni kapasita? Ndiyo, kweli ni kapasita. Maji yana uwezo wa kuhifadhi chaji mara 80 ya hewa, na kwa vipimo vyetu seli inapata kama nanofaradi 2.9. Lakini maji ya bomba pia yanapitisha umeme. Yetu tuliyapima, mikrosimensi 500 kwa sentimita, na kwa umbo lile seli inakuwa na ukinzani wa kama omu 5. Zidisha omu 5 kwa nanofaradi 2.9: nanosekunde 14, yaani sehemu 14 za bilioni ya sekunde. Huo ndio muda ambao kapasita hii inaweza kushika chaji kabla haijavuja.

Nusu ya pigo letu kwa kilohezi 20 ni mikrosekunde 25. Hiyo ni kama mara 1,800 ya ule muda. Ni kama kujaza maji kwenye ndoo isiyo na kitako. Ndoo ni ndoo, ndiyo, lakini haijai.

Na kuna jambo zuri zaidi. Huo muda hautegemei umbo la mabomba. Ukiyarefusha, kapasita inakua na ukinzani unapungua kwa kiwango kilekile, zinafutana. Unabaki na sifa za maji peke yake. Kwa hiyo hakuna bomba la siri, hakuna pengo la siri. Hata maji yaliyochujwa ya maabara yenye mikrosimensi 1 kwa sentimita yanashika chaji kwa mikrosekunde 7 tu.

Rezonansi nayo inahitaji koili na kapasita zirushiane nguvu kama watoto kwenye bembea. Omu 5 zinazovuja ni kama bembea iliyozama kwenye tope. Usukume kwa frikwensi yoyote, haibembei.

Tukageuza transfoma

Hapo mwenzangu, anayesoma kemia wala si umeme, akauliza swali lililonifanya nijione mjinga. "Kama seli inataka volti mbili na kidogo, mbona mnaipa 600?"

Kimya.

Kinachotoa gesi ni ampia, si volti. Faraday alilionyesha hilo miaka ya 1830: kiasi cha gesi kinafuata kiasi cha chaji iliyopita, basi. Ampia 1 ikipita kwenye seli moja kwa dakika moja, kwa joto la nyuzi 25, inatoa mililita 11.4 za haidrojeni na oksijeni kwa pamoja. Haijali mapigo, haijali umbo la wimbi. Volti unahitaji za kufungulia mlango tu: 1.23 ni kiwango cha chini kabisa cha nadharia, 1.48 ukihesabu na joto, na kwa vitendo karibu 2 na zaidi.

Kwa hiyo transfoma sahihi ya kazi hii ni ya kushusha. Tukafungua kiini kilekile, tukatoa mizunguko yote 400 (nililia kidogo), tukasuka mizunguko 2 ya utepe wa shaba. Volti 12 gawa kwa 8 zidisha kwa 2: volti 3. Tukaweka dayodi za kushusha volti kidogo, tukaongeza potasiamu haidroksaidi kidogo kwenye maji ili yapitishe umeme vizuri, tukiwa na glavu na miwani.

Taa ya breki tuliitoa baada ya kuhakikisha hakuna shoti. Seli ikavuta ampia 4 kwa volti 2.5. Vipovu vikafumka vyeupe kama maziwa. Kwa hesabu ya Faraday, mililita 100 zingejaa kwenye silinda ya kupimia kwa dakika 2 na sekunde 12. Saa ilisema dakika 2 na sekunde 18.

Koili ya mizunguko 2 ilikuwa imeishinda ile ya 400. Lakini swali la mjomba lilikuwa bado mezani.

Hesabu ya shilingi mia

Betri ilikuwa inatoa wati 15.6. Nguvu iliyokuwa inaingia kwenye gesi, kwa kipimo chetu, ilikuwa kama wati 5.6. Weka kwa pesa: umetoa shilingi 100 kwenye betri, umepata gesi ya shilingi 36. Gesi hiyo ichome kwenye injini ya petroli, ambayo kwa wastani inageuza kama robo tu ya joto kuwa mwendo: shilingi 9. Mwendo huo uzungushe altaneta irudishe chaji kwenye betri, altaneta nayo inakula yake: unabaki na kama shilingi 5.

Unaweza kusema sisi ni wanafunzi, vifaa vyetu vibovu. Sawa. Tufanye kila kitu ni kamilifu, hakuna kinachopotea. Kupasua gramu 18 za maji kunataka kilojuli 286. Haidrojeni hiyo ikiungua na kuwa maji tena, inarudisha kilojuli 286. Zilezile. Ulianza na maji, umemaliza na maji. Njia ya katikati, iwe ya mapigo, rezonansi au volti milioni, haibadilishi tofauti kati ya mwanzo na mwisho. Hesabu hiyo tuliifanya kidato cha sita kwa jina la sheria ya Hess, tukaiandika kwenye mtihani, tukaisahau getini.

Na ukubwa wake? Bajaji inayotembea kwa nguvu ya kilowati 3 inahitaji gesi hiyo kama lita 109 kila dakika. Kwa seli moja hiyo ni zaidi ya ampia 9,000. Sisi tulikuwa na mililita 43.

Yaliyompata Meyer mwenyewe ni haya. Wawekezaji wawili walimshitaki huko Ohio. Mashahidi wataalamu waliikagua seli yake wakasema hakuna jipya, ni elektrolisisi ya kawaida. Mwaka 1996 mahakama ikaamua ametenda ulaghai mkubwa na wa wazi, ikamwamuru arudishe dola 25,000 zao. Alifariki ghafla mwaka 1998 akiwa mgahawani. Uchunguzi wa kifo ulisema ni mshipa wa damu uliopasuka kichwani. Wafuasi wake wanasema alilishwa sumu, na hadithi hiyo ndiyo inayouza michoro mpaka leo.

Tahadhari kwa watakaojaribu

Haidrojeni na oksijeni zikiwa zimechanganyika tayari hazihitaji hewa kulipuka. Cheche ya soketi inatosha. Sisi hatukukusanya zaidi ya silinda moja ndogo kwa wakati, kila mara tukaiachia dirishani, na hatukuifungia kwenye chombo chochote. Chupa iliyofungwa yenye gesi hii ni bomu. Chumvi ya mezani usiweke, utatoa klorini. Na yale maji yakigeuka kahawia, hiyo ni metali za bomba lenyewe, kromi ikiwemo, usimwage kwenye sinki. Volti 600 nazo hazina mjadala: chomoa, subiri, pima, ndipo uguse.

Jibu la mjomba

Tulimwita maabara Jumamosi, wiki ya nne. Sikumpa kanuni. Nilimwekea koili ya zamani ya kupandisha, tuliyokuwa tumeisuka upya kwa ajili yake, na taa ya breki. Nikamwambia, "Mjomba, hii taa ni betri yako. Ikiwaka, betri inaliwa." Nikachomeka seli ya maji. Taa ikawaka. Akatazama vipovu, akatazama taa, akarudia kutazama vipovu.

"Hivi ndivyo vingeendesha bajaji?"

"Ndivyo hivi, mjomba."

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Sasa yule dereva aliyeniapia kwamba yake imepunguza mafuta, alikuwa ananidanganya?"

Nikamwambia si lazima. Mtu akifunga kifaa kipya, anabadilisha plagi, anasafisha filta, anapima mafuta kwa makini na anaendesha taratibu. Mafuta yanaweza kupungua kweli. Sifa anaipata kifaa.

Mjomba hakufurahi. Laki tatu zilikuwa za kwake, simu ya muuzaji ilikuwa inaita bila kupokelewa tangu wiki ya pili. Lakini mkopo wa kikundi hakuuchukua, na kwenye kikao chao cha Jumapili iliyofuata walikuwepo wengine wawili waliokuwa wamejiandikisha. Aliomba taa ya breki na seli, akaenda navyo kuwaonyesha. Seli haijarudi mpaka leo.

Kiini cha feraiti kinacho. Nimekisuka mara ya nne, mizunguko 8 kwa 8 upande wa kwanza na 220 upande wa pili, sasa ni inveta ndogo ya sola ya mradi wangu wa mwaka wa mwisho. Volti 12 zinaingia, 330 za moja kwa moja zinatoka kwenda hatua ya pili. Kwenye njia ya betri kuna taa ya breki. Ukipita maabara ukaiona haiwaki, ujue mambo ni shwari. Kama unataka kujifunza kusuka, njoo na waya wako.